Mwongozo Kamili wa Kujiandaa kwa Mtihani wa Historia ya Dunia kwa Siku 42: Kwa Mwanafunzi wa Mtwara na Lindi

Kila mwaka, mwezi Machi unapoelekea ukingoni, wanafunzi wa kidato cha sita wanaosoma tahasusi zenye Historia huanza kuhesabu majuma yaliyobaki kabla ya mtihani wa Taifa wa mwezi Mei, na wengi wao hugundua kwamba karatasi ya historia ya dunia imewaelemea kuliko ile ya Afrika. Majina ya Robespierre, Bismarck na Roosevelt hayana uso wala sauti kwa kijana aliyekulia Newala, Kilwa au Nachingwea, na kwa sababu hiyo huyakariri kama mtu anavyokariri namba za simu. Nimekaa barazani na wanafunzi wengi wa namna hiyo, nami mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Katika mtihani wangu wa moko nilikesha siku tatu na madesa, nikaingia chumbani nikikumbuka rangi ya wino wa ukurasa na mahali kichwa cha habari kilipokaa, lakini si jambo lililoandikwa chini yake.

Tangu hapo nimeamini jambo moja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: historia haikai kichwani kwa kuisoma tena na tena, bali kwa kuitoa kichwani kila siku na kuiandika. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi matini mafupi. Baadhi wakayasoma mara ya pili, wengine wakafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya juma moja, waliorudia kusoma walikumbuka takriban asilimia 42, na waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56. Tofauti hiyo hailetwi na akili ya kuzaliwa, inaletwa na namna ya kuutumia muda uleule.

Hatua ya kwanza: Ijue karatasi kabla ya kufungua daftari

Mwombe mwalimu wako wa somo muundo wa mtihani wa Baraza la Mitihani unaohusu mwaka wako, usome kwa makini idadi ya maswali, yapi ni ya lazima, alama za kila swali na muda uliotolewa. Usitegemee maneno ya kaka au dada aliyemaliza miaka kadhaa iliyopita, kwa sababu muundo hubadilika, na muhtasari wa somo nao hubadilika. Kisha piga hesabu. Tuchukulie kwamba karatasi ni ya saa 3 na inakutaka uandike insha 5: kila insha ina dakika 36, na ukitoa dakika za kusoma maswali, kupanga na kupitia kazi yako, mkono wako una takriban dakika 28 za kuandika hasa. Mtu asiyeijua hesabu hiyo huandika insha mbili za kwanza kwa ufasaha mkubwa, ya tatu kwa haraka, na ya tano huiacha na mistari minne.

Baada ya hapo kusanya pasti pepa za miaka isiyopungua mitano. Usizisome kwa mpangilio wa miaka. Nakili kila swali chini ya mada yake katika daftari la pembeni, nawe utaona kwamba swali lilelile hurudi likiwa limevaa nguo nyingine: mwaka huu linauliza sababu za Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka mwingine linakutaka uonyeshe kwamba mapinduzi hayo yalitokana na kushindwa kwa mfalme kutawala fedha za nchi. Pigia mstari neno la amri katika kila swali. Kueleza si kujadili, na anayeambiwa apime ukweli wa kauli akaishia kuorodhesha hoja sita za upande mmoja amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Hatua ya pili: Gawa siku 42, na usizigawe sawasawa

Siku 42 ni majuma 6. Katika majuma manne ya kwanza, siku sita za kila juma ni za mada, na siku ya saba ni ya mtihani mzima wa kujipima. Hivyo unapata siku 24 za mada. Juma la tano ni la kurudia mahali palipokuonyesha udhaifu, na la sita ni jepesi, kwa sababu nitakazozieleza mwishoni.

Mada zinazozoeleka katika karatasi hii ni ukuaji wa ubepari barani Ulaya, ukuaji wa demokrasia barani Ulaya, kuibuka kwa ubepari wa Marekani na Japani, utaifa na ubeberu pamoja na vita kuu mbili, ujamaa, na ukoloni mamboleo katika nchi za Ulimwengu wa Tatu. Zilinganishe na muhtasari wa shule yako. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuzipa zote siku sawa. Mimi ningetoa siku 5 kwa ubepari wa Ulaya, siku 5 kwa demokrasia, siku 5 kwa ubeberu na vita, na siku 3 kwa kila mada kati ya zile tatu zilizobaki. Sababu ni kwamba tatu za mwanzo ndizo mizizi: aliyeelewa kwa nini kiwanda cha Uingereza kilihitaji pamba na soko hatapata shida kuelewa kwa nini Japani, baada ya mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868, iliharakisha kujenga viwanda na jeshi, wala kwa nini ilipigana na China mwaka 1894 na Urusi mwaka 1904.

Ratiba hii ibandike ukutani, mahali ambapo wazazi na wadogo zako wataiona. Mzazi anayesoma haya ninamwomba jambo moja tu: zile dakika 40 za usiku zilizoandikwa pale ukutani zisiwe wakati wa kumtuma mtoto dukani.

Hatua ya tatu: Siku moja ilivyo

Una masomo mengine, kwa hiyo historia ya dunia isichukue zaidi ya takriban saa 2 kwa siku, zikiwa zimegawanywa vipande vitatu.

Kipande cha kwanza ni dakika 30 za alfajiri, kuanzia saa 11:30. Usifungue daftari. Chukua karatasi tupu, andika mada ya jana juu yake, kisha uandike yote unayoyakumbuka. Utaona aibu siku za kwanza kwa sababu ukurasa hautajaa hata nusu. Vumilia. Dakika 10 za mwisho ndipo ufungue daftari na kuongeza kwa kalamu nyekundu yale uliyoyasahau. Wino mwekundu ndio utakaokuonyesha cha kusoma. Wino wa bluu unaonyesha ulichokwisha kukimiliki, na hakuna haja ya kukisoma tena leo.

Kipande cha pili ni dakika 45 za jioni, kati ya saa 10 na saa 12, kabla giza halijaingia. Huu ndio wakati pekee wa kusoma jambo jipya. Soma sehemu moja tu ya mada, mara moja kwa haraka ili kupata mtiririko, mara ya pili kwa utulivu ukiandika dondoo zisizozidi ukurasa mmoja. Anayenakili kitabu kizima kwenye daftari amefanya kazi ya mkono tu.

Kipande cha tatu ni dakika 40 za usiku, kuanzia saa 2, ambapo unaandika. Siku za mwanzo wa mada andika aya mbili au tatu. Siku ya mwisho ya mada andika insha nzima kwa dakika 36 ukiwa na saa mezani. Umeme ukikatika, taa ya kuchaji inatosha kwa kazi hii, na hata mvua ya masika ikipiga bati kiasi kwamba huwezi kusikia sauti yako mwenyewe, kuandika kunawezekana pale ambapo kusoma kwa sauti hakuwezekani. Saa 4 uwe umelala. Usiku unapolala ndipo ubongo unapoyaimarisha yale uliyojifunza mchana, na anayekesha anajinyang'anya kwa mkono wake faida ya kazi ya siku nzima.

Siku ukiugua, ukifiwa, au ukilazimika kusafiri, usijaribu kufidia kwa kusoma saa 5 kesho yake. Ruka kipande cha pili cha siku iliyopotea, lakini cha alfajiri kirudishe hata kama ni kwa dakika 15. Mnyororo wa kukumbuka ukikatika siku nne mfululizo, kazi ya kuuunga tena ni kubwa kuliko kupotea kwa mada moja ndogo.

Hatua ya nne: Soma sababu kama mnyororo

Madaftari mengi yameandika sababu za Mapinduzi ya Ufaransa kama orodha: sababu za kisiasa, za kiuchumi, za kijamii, mchango wa wanafalsafa, tabia ya mfalme. Orodha hiyo si kosa, ila haishikiki, kwa sababu hakuna kitu kinachovuta kingine. Jaribu kuifuata hivi.

Ufaransa iliingia vitani mwaka 1778 kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza, ikakopa fedha nyingi, na vita vilipokwisha mwaka 1783 deni likabaki. Serikali ingeweza kulipa kwa kodi, lakini makasisi na makabaila walikuwa wamesamehewa sehemu kubwa ya kodi, na mzigo ulikaa mabegani mwa tabaka la tatu, yaani wakulima, mafundi, wafanyabiashara na wanasheria. Mwaka 1788 mavuno yakaharibika, bei ya mkate ikapanda, na aliyekuwa akilipa kodi kwa shida sasa akakosa hata chakula. Mfalme Louis wa 16, akitaka idhini ya kodi mpya, akaliita Bunge la Matabaka ambalo halikuwa limekutana tangu mwaka 1614. Lilikutana tarehe 5 Mei 1789, na papo hapo likazuka swali la kura: je, kila tabaka lipige kura moja, ambapo matabaka mawili ya juu yangelishinda la tatu daima, au kila mjumbe apige yake? Tabaka la tatu likajitangaza kuwa Bunge la Taifa tarehe 17 Juni, umati wa Paris ukaliteka gereza la Bastille tarehe 14 Julai, na tarehe 26 Agosti likapitishwa Azimio la Haki za Binadamu na Raia.

Sasa funika maandishi ujiulize: kwa nini mfalme aliita bunge ambalo hakulipenda? Ukijibu kwamba deni lilimlazimisha, umeshika pete moja ya mnyororo, nayo itakuvutia pete ya kabla na pete ya baada. Yeyote wa huku kwetu aliyewahi kuona mkulima akiuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi na kwa bei ya kutupa, kabla msimu haujafika anaelewa haraka namna deni linavyomnyima mtu uhuru wa kuamua. Jambo hilohilo lilimpata mfalme.

Kipimo kizuri cha mnyororo wako ni kumsimulia mtu asiyesoma somo hili. Msimulie bibi yako, kwa Kiswahili au kwa Kimakonde, wakati anabangua korosho. Bibi hatakubali maneno makubwa. Atakuuliza, "Sasa mjukuu wangu, huyo mfalme alikopa ili iweje?" Ukishindwa kumjibu, rudi kwenye daftari, kwa sababu umegundua mahali ambapo mnyororo wako haujaungwa. Baada ya kuuelewa kwa lugha yako, ndipo uuandike upya kwa Kiingereza, kwa kuwa karatasi itakuja kwa Kiingereza na majibu yatatakiwa kwa lugha hiyo. Kwa kila mada tengeneza orodha ya maneno 15 ya Kiingereza usiyoweza kuyakwepa, uyaandike mpaka tahajia yake isikusumbue. Wapo wanafunzi wanaoelewa jambo vizuri sana na kupoteza alama kwa sababu walianza kufikiri kwa Kiswahili na kutafsiri wakiwa tayari ndani ya chumba cha mtihani.

Hatua ya tano: Itundike historia ya dunia kwenye ardhi ya kusini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mwanafunzi wa Mtwara na Lindi ana utajiri ambao hautumii. Kumbukumbu hushika jambo jipya likifungwa kwenye jambo la zamani, na ardhi hii imeguswa na karibu kila mada ya karatasi yako.

Anza na Kilwa Kisiwani. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji huo uliokuwa umetajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Huo ni mfano kamili wa ubepari wa kibiashara, ule wa kutafuta dhahabu na fedha nje ya Ulaya kwa kutumia merikebu na mizinga, na ulitokea mahali ambapo unaweza kufika kwa boti kutoka Kilwa Masoko.

Bado Kilwa. Tarehe 4 Julai 1776 makoloni ya Marekani yalitangaza uhuru wao, yakisema watu wote wameumbwa sawa. Tarehe 14 Septemba mwaka huohuo, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Miaka 13 baadaye Ufaransa ilitangaza kwamba binadamu huzaliwa huru. Weka tarehe hizo tatu kwenye mstari mmoja, nawe hutasahau mwaka wa Azimio la Marekani wala wa lile la Ufaransa. Na zaidi ya hapo, utakuwa na hoja ya tathmini kuhusu mipaka ya demokrasia ya wakati ule, hoja ambayo wengi hawanayo. Mwanafunzi wa Masasi na aongeze mwaka 1876, watumwa walioachwa huru walipoletwa na wamisionari wa Kianglikana kuanzisha makazi pale, kisha ajiulize kwa nini Uingereza, iliyokuwa imefaidika sana na utumwa, sasa ilikuwa ikiupiga vita. Jibu lake litampeleka moja kwa moja kwenye mahitaji ya ubepari wa viwanda.

Ubeberu una vilima vya Umatumbi. Mwezi Julai 1905 wakulima wa Nandete waliing'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Swali la historia ya dunia si vita vyenyewe, ni kwa nini Ujerumani iliitaka pamba hiyo. Nchi iliyoungana tarehe 18 Januari 1871 ilikuwa na viwanda vya nguo vilivyotegemea pamba ya Marekani, nayo ilitaka pamba ya makoloni yake yenyewe. Mpamba uliong'olewa Nandete ulikuwa umefungwa na kamba ndefu kwenye kiwanda cha Ulaya.

Halafu Mahiwa, katika njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 majeshi ya Uingereza, yakiwemo ya askari kutoka Nigeria, yalipigana hapo na jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck, lililojaa askari Waafrika. Yalikuwa mojawapo ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika Vita Kuu ya Kwanza upande huu wa Afrika. Hazikupita siku 20 baada ya mapigano hayo, tarehe 7 Novemba 1917, Wabolsheviki, wanamapinduzi wa kijamaa, walitwaa madaraka Urusi, kwa sehemu kubwa kwa sababu wakulima na wafanyakazi walikuwa wamechoshwa na vita hiyohiyo. Tarehe 25 Novemba Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma. Alijisalimisha tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya tarehe 11 Novemba. Ukiukumbuka mwezi wa Mahiwa, umeukumbuka msimu wa Mapinduzi ya Urusi.

Nachingwea peke yake inabeba mada mbili. Mwaka 1947, Uingereza ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli iliyokwenda Nachingwea, ambayo baadaye iling'olewa, zilizaliwa na mradi huo ulioachwa mwaka 1951. Mwaka 1947 ndio pia Rais Truman alitangaza sera yake ya kuzuia ukomunisti mwezi Machi, na mwezi Juni waziri wake wa mambo ya nje, Marshall, akatoa pendekezo lake la misaada kwa Ulaya. Ulaya iliyolima karanga Nachingwea na Ulaya iliyopokea dola za Marekani ni ileile iliyofilisika kwa vita. Kisha, katika miaka ya 1960 na 1970, Nachingwea ikawa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Ureno. Ureno ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, mwaka 1949, nao FRELIMO walipata silaha kutoka China na Urusi ya Kisovieti. Hapo unaiona Vita Baridi ikipita katikati ya misitu ya kwetu. Mapinduzi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974 yalifungua njia, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Fanya hivi: chora ramani ya pwani ya kusini kwenye karatasi ya manila, weka alama ya Kilwa, Nandete, Mahiwa, Masasi, Nachingwea na Mtwara, na kutoka kila alama vuta mshale kwenda kwenye tukio la dunia linalohusiana nalo. Katika insha ya historia ya dunia mfano wa nyumbani utumike kwa kiasi, kwa sababu msahihishaji anatafuta kwanza hoja za Ulaya, Marekani au Asia. Kazi kubwa ya ramani hiyo ni kukukumbusha wewe.

Hatua ya sita: Jifunze kuandika aya kabla ya insha

Tazama aya hii dhaifu: "Sababu nyingine ya Vita Kuu ya Pili ni Mkataba wa Versailles. Mkataba huu ulikuwa mkali kwa Ujerumani na ukasababisha vita." Hakuna uongo ndani yake, ila hakuna ushahidi, na kati ya mkataba na vita kuna miaka 20 ambayo haikuelezwa.

Sasa tazama hii: "Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, uliibebesha Ujerumani lawama ya vita katika ibara ya 231, ukalipunguza jeshi lake hadi askari 100,000, ukaipokonya makoloni yote, Tanganyika ikiwa mojawapo, na fidia ilipokadiriwa mwaka 1921 ilifikia marki za dhahabu bilioni 132. Hata hivyo uchungu huo peke yake haukuleta vita, kwa kuwa katikati ya miaka ya 1920 uchumi wa Ujerumani ulikuwa umetulia. Ni pale mdororo ulioanza mwaka 1929 ulipowaacha Wajerumani wapatao milioni 6 bila kazi kufikia mwaka 1932 ndipo Hitler alipopata wasikilizaji wengi, na tarehe 30 Januari 1933 akawa Chansela."

Aya ya pili imefanya mambo matatu: imetoa hoja, imeleta ushahidi wenye tarehe na takwimu, na imeeleza namna hoja hiyo inavyofika kwenye tukio linaloulizwa. Kila usiku, katika kipande cha tatu, aya zako zipitie mambo hayo matatu, na aya isiyo na ushahidi hata mmoja uifute uiandike upya. Kwa utangulizi, sentensi tatu zinatosha: maana ya dhana kuu, wakati na mahali, na msimamo wako. Usianze kila insha kwa historia ya neno. Dakika hizo hazina alama.

Hatua ya saba: Tarehe na vikadi

Tarehe chache zinazojulikana kwa uhakika zina faida kuliko nyingi zenye wasiwasi. Chagua 10 kwa kila mada, uziandike kwenye vikadi vilivyokatwa kutoka karatasi ya manila, tukio upande mmoja na mwaka upande wa pili. Mdogo wako anaweza kukuuliza mnapokwenda kisimani au mnapongoja daladala. Kikadi ulichokijibu sawasawa kirudie baada ya siku 3, kisha 7, kisha 14. Ulichokosea kirudi kesho.

Hatua ya nane: Siku ya saba

Siku ya saba kaa na wenzako wawili au watatu, wasizidi wanne, kwa sababu kundi la watu kumi hugeuka kuwa mazungumzo. Asubuhi kila mmoja afanye karatasi nzima peke yake, kwa muda kamili, bila simu. Mchana mbadilishane karatasi, na kila mmoja asahihishe ya mwenzake kwa kutumia vipimo vile vitatu vya aya. Anayesahihisha insha tatu za wengine hujifunza kuona makosa yake mwenyewe kwa jicho la mgeni. Msitoe alama za kufurahishana. Baadaye mpelekee mwalimu insha moja tu, ile iliyowashinda, kwa heshima na kwa swali mahususi. Mwalimu aliyeletewa swali linaloeleweka hupata njia ya kukusaidia hata akiwa na darasa la wanafunzi wengi. Ramadhani au Pasaka ikiangukia ndani ya siku hizo 42, siku ya saba ndiyo isogezwe, vipande vya kila siku vibaki. Aliyefunga anaweza kukihamisha kipande cha jioni baada ya daku.

Juma la mwisho na siku yenyewe

Katika juma la sita usianze mada mpya yoyote. Alfajiri endelea na karatasi tupu, mada moja kwa siku, na usiku andika mipango ya insha badala ya insha zenyewe: soma swali, andika msimamo, hoja sita na ushahidi wa kila hoja, kwa dakika 6. Ukifanya mipango 4 kwa usiku mmoja utakuwa umegusa maswali zaidi ya 20 kufikia mwisho wa juma. Usiku wa kuamkia mtihani pitia vikadi kwa nusu saa, andaa kalamu mbili na kitambulisho chako, ukalale. Atakayekuja kukuambia kwamba ana maswali yaliyovuja, mwondokee. Ni kosa linaloweza kukufutia matokeo yote.

Ndani ya chumba, soma maswali yote kabla ya kuandika neno. Chagua yale ambayo una ushahidi wake, hata kama lipo jingine lenye mada unayoipenda zaidi. Andika muda wa kumaliza kila insha pembeni mwa karatasi ya maswali na uufuate: muda ukifika kabla hujamaliza, funga hoja kwa sentensi moja na uhamie swali linalofuata, kwa kuwa hoja mbili za mwanzo za insha mpya hupata alama kwa urahisi kuliko hoja ya saba ya insha ya zamani. Dakika 8 za mwisho hakikisha namba za maswali ulizoandika zinalingana na majibu, kisha pitia tarehe moja baada ya nyingine, kwa sababu 1917 iliyoandikwa 1971 kwa mkono uliochoka ni kosa ambalo unaweza kulirekebisha ukiwa bado umekaa pale.